Laptop Yangu Ghali na Mikono ya Kirezi

Wale mlio nami tangu mwanzo mnajua kwamba mimi si mtu wa kuhurumiwa. Wale mnaonikuta leo, nawapa mambo kwa mkato ili msije mkamwaga machozi mahali pasipofaa.

Naitwa Gilbert. Nina miaka ishirini na minane. Naishi Crystal, kitongoji cha Minneapolis, chumba cha chini, nyumbani kwa shangazi yangu Kerubo. Nasomea usanifu wa michoro katika chuo kimoja cha hapa Minneapolis: mabango, nembo, kadi za mialiko, vitu kama hivyo.

Mwaka jana nilimwambia Anti Kerubo kwamba mwalimu wetu, Bwana Lindqvist, ametangaza darasani kuwa mwanafunzi asiye na laptop ya nguvu asahau kupata wateja wa nje. Nilimwambia kwa uso wa msiba. Anti ni nesi katika nyumba ya wazee kule Maple Grove. Hakuuliza maswali. Alichukua zamu za wikendi, wikendi kumi na moja mfululizo, na wiki ya kumi na mbili laptop ikafika ndani ya boksi jeupe linalofunguka taratibu kana kwamba ndani yake mna mtoto amelala.

Alichosema Lindqvist hasa ni hiki: kompyuta yoyote inayowaka inatosha, jifunzeni kwanza kuona.

Mimi sikujifunza kuona. Nilijifunza kufungua kifuniko.

Na kifuniko kilileta wateja, hilo siwezi kulikana. Kaa kwenye mkahawa na mashine kama ile, kunja uso kidogo, na watu wetu watakufuata wenyewe. Wakenya wanataka mialiko ya harusi. Wakongo wanataka mabango ya kwaya. Wote wanataka programu za mazishi, na wanazitaka kesho. Mimi napokea kazi, natoa tabasamu, kisha naipeleka kwa Kirezi.

Kirezi ni binti Mkongo tunayesoma naye. Laptop yake ni nzito kama tofali. Aliinunua siku chuo kilipokuwa kikiuza kompyuta zake kuukuu. Kitufe kimoja kimeng'oka, betri ilishakufa, na kioo kina ufa kwenye kona. Kwa tofali hilo anafanya kwa saa mbili kazi ambayo mimi na mashine yangu tungeifanya kwa wiki mbili, na tungeikosea.

Jina kwenye kazi lilikuwa langu. Katika kila mia, yeye alipata arobaini, mimi sitini. Aliponiuliza hiyo sitini ni ya nini, nilimjibu kwamba ni gharama za mashine.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa nisikilizeni.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, theluji ikiwa imeshageuka tope kando ya barabara, mama mmoja aliingia mkahawani amevaa koti zito juu ya kitenge. Aliangalia meza zote. Hakunitafuta mimi. Aliitafuta laptop, na alipoiona akaja moja kwa moja.

“Wewe ndiye kijana wa mashine?”

“Ndiye mimi, Mama. Karibu ukae.”

“Mimi wananiita Mama Yves. Ninatoka Coon Rapids. Kule kanisani kwetu kuna bango mupya ya kwaya. Niliangalia ile bango mpaka nikasahau mahubiri. Ni wewe uliifanya?”

Hapa palikuwa pazuri sana kwa mtu mwaminifu kufungua mdomo.

“Tunajaribu, Mama,” nikasema.

Aliigusa laptop kwa kidole kimoja. “Hii ni bei gani?”

Nikamtajia. Akaondoa kidole.

“Basi mutu wa mashine kama hii hawezi kukosea,” alisema, na akaanza kunieleza shida yake.

Binti yake alikuwa anamaliza shule ya unesi mwezi wa tano. Yves, kaka mkubwa, anaendesha lori na hakusoma sana. Kwa hiyo binti huyu ndiye wa kwanza kumaliza chuo katika ukoo mzima, upande wa baba na upande wa mama. Mzee Thaddée, mume wa Mama Yves, alishapata ukumbi Brooklyn Center. Ndugu walikuwa wanakuja kutoka Iowa, wengine Texas. Lilitakiwa bango la futi kumi, la kutundikwa nyuma ya meza kuu.

“Ninataka avae ile nguo ya infirmière,” alisema. “Na ile kitu ya kusikiliza moyo, hapa shingoni.”

“Hana picha akiwa na sare, Mama?”

“Nimemuomba mara tano. Anasema watapigwa picha mwisho. Sasa mwisho umefika, picha hakuna. Wewe umuvalishe na mashine.”

Akatoa bahasha kwenye mkoba, akanipa. Nikaitoa picha. Msichana amevaa gauni la kwaya, amesimama mbele ya ukuta wa matofali, hacheki wala hajanuna. Nyuma pameandikwa kwa kalamu ya bluu: Kirezi, infirmière, yaani nesi kwa Kifaransa.

Nilimwangalia Kirezi pale kwenye picha. Kirezi akaniangalia.

Kirezi, ambaye nakaa nyuma yake kila Jumanne na Alhamisi katika darasa la herufi na rangi. Kirezi, ambaye tangu nimjue hajawahi kutaja sindano.

“Unamujua?” Mama Yves aliuliza.

“Hapana, Mama. Ni vile tu... Wakongo wengi mnafanana.”

“Sisi hatufanani,” alisema Mama Yves. “Lakini endelea.”

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nina kazi nyingi, nasafiri, naumwa. Alipotoa malipo ya mwanzo nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kusema hapana. Mkono wangu uliwahi kuliko mdomo. Ndivyo umekuwa ukifanya siku zote.

Jumatatu mchana nilimkuta Kirezi maktaba ya chuo, amekaa karibu na ukuta ili tofali lake lipate umeme. Niliweka bahasha mbele yake bila salamu. Nilidhani nafanya mzaha.

Alitoa picha, akaigeuza, akasoma nyuma.

“Nani kakupa hii?”

“Mteja.”

“Mteja gani?”

“Mama yako. Anataka bango la futi kumi. Anataka uvae sare.”

Kirezi si mtu wa kukosa la kufanya na mikono yake. Siku ile aliiweka picha chini, akaiinua, akaiweka tena kifudifudi.

“Niliacha unesi,” alisema. “Mwaka na nusu sasa. Sikufukuzwa, usidhani hivyo. Tulipelekwa hospitali kwa mafunzo. Wenzangu wanaangalia wagonjwa, mimi naangalia tangazo la kunawa mikono juu ya sinki. Maneno mengi, herufi ndogo, hakuna mzee angeweza kulisoma. Nikarudi nyumbani nikalichora upya. Nikalichora mara nne. Wiki hiyo tulikuwa na mtihani wa dawa, na sikufungua kitabu.”

“Sasa si ungemwambia tu mama yako?”

“Mama anasafisha ghorofa ya tatu ya hospitali, Gilbert. Nikimwambia nimeacha unesi ili nichore, ataniuliza kuchora kunaleta nini. Nikasema nitafanya kazi za watu kwanza, niweke akiba, halafu nimwonyeshe karatasi ya benki. Nilitaka kumwambia Krismasi.”

“Na kwa nini hukumwambia?”

Alinitazama bila hasira.

“Kwa sababu akiba haikufika,” alisema. “Kulikuwa na gharama za mashine.”

Nimeshatukanwa katika maisha yangu, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kikisii, ambacho kwa matusi kimejaliwa. Sijawahi kutukanwa kwa sauti ndogo namna ile.

“Basi tumalizie hii moja,” nilisema, “halafu mgao tutauangalia upya.”

“Hiyo sifanyi. Siwezi kujivisha sare mwenyewe nimdanganye Mama kwa futi kumi. Fanya wewe. Mashine unayo.”

Akarudi kwenye kazi yake. Nikasimama pale kidogo, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, kisha nikaondoka.

Nikalifanya mwenyewe. Siku tatu.

Nilipata mtandaoni picha ya nesi wa Kizungu, nikamwondoa kichwa, nikampachika cha Kirezi. Shingo ikakataa. Kwanza ilikuwa ndefu, nikaipunguza, ikapotea kabisa. Mikono ilibaki ya yule Mzungu, kwa hiyo nikaipaka rangi ya kahawia, ikawa kama amevaa glavu za kulimia bustani. Kile kifaa cha kusikiliza moyo kilining'inia hewani bila kugusa mwili, kama kamba ya kuanikia nguo. Maandishi niliyapa rangi ya dhahabu, nikayapa kivuli, kisha nikaona bado, nikayawashia moto pembeni.

Mashine haikuhema hata mara moja. Kila upuuzi nilioiagiza iliutekeleza papo hapo, kwa ukubwa wowote niliotaka. Aliyetoka jasho ni mimi.

Alhamisi, baada ya darasa, nilimwonyesha Lindqvist nikijifanya ni zoezi. Mzee yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Huyu mtu ana maumivu?” aliuliza.

“Ni nesi, Bwana.”

“Basi atafutiwe nesi mwenzake,” alisema, akachukua koti lake.

Jumapili Mama Yves akapiga simu. Niende nyumbani kwake baada ya ibada, nibebe mashine, aone kazi kabla haijapelekwa kuchapishwa. Gari langu lilikuwa kwa fundi, na Coon Rapids si mahali pa kwenda kwa miguu. Nikafikiri nimepata sababu. Lakini Anti Kerubo alikuwa jikoni, na siku hiyo hakuwa na zamu.

“Nitakupeleka mimi,” alisema. “Mwaka mzima nasikia tu. Leo nataka kuiona mashine yangu ikifanya kazi.”

Njia nzima aliimba nyimbo za kanisani. Mimi nilikuwa naomba tupate pancha.

Mama Yves alitupokea kwa chai ya maziwa na mikate ya kukaanga. Mzee Thaddée hakuwepo. Alikuwa ameenda Brooklyn Center kukamilisha mambo ya ukumbi. Wale kina mama wawili walielewana kabla chai haijapoa. Mmoja nesi, mwingine msafishaji wa hospitali, na wote wana neno la kusema juu ya madaktari.

“Kirezi iko chumbani anasoma,” Mama Yves alisema kwa sauti ya chini. “Mitihani ya mwisho. Tusimusumbue.”

Kisha wakanigeukia. Nikafungua kifuniko.

“Ni nani huyu?” Mama Yves aliuliza.

“Ni binti yako, Mama.”

Akasogea karibu. Akarudi nyuma. “Shingo yake iko wapi?”

Anti akakohoa. “Labda picha haijamaliza kuja,” alisema. “Hizi mashine kubwa huchukua muda.”

“Imemaliza kuja, Anti,” nikasema.

“Na hii moto ni ya nini?” Mama Yves alinyoosha kidole. “Mutoto anamaliza shule, wewe unamuchoma?”

“Ni mapambo, Mama.”

“Ondoa. Rekebisha hapa hapa, ninaona. Ile bango ya kwaya ilikuwa muzuri. Huu si mukono ule.”

Nikaweka vidole kwenye vitufe. Nikaikuza picha. Nikaipunguza. Kifaa cha kusikiliza moyo nikakihamisha kutoka kushoto kwenda kulia, nikaona si vizuri, nikakirudisha. Anti Kerubo alikuwa ameegemea mbele kama mtu anayeangalia mpira, akisubiri bao.

“Nadhani ni mtandao wa hapa,” nilisema.

“Mutandao hauna shida,” alisema Mama Yves. Akageuza shingo. “Kirezi. Kuja kidogo umusaidie huyu ndugu. Wewe unajua kompyuta.”

Mlango wa chumbani ukafunguka. Kirezi aliniona mimi, akamwona Anti, kisha akaiona ile picha.

Nilitegemea ashtuke. Nilitegemea aogope. Alichokuwa nacho usoni ni uso wa mpishi aliyewekewa wali ulioungua mbele yake, akaambiwa ni wake.

“Mungu wangu,” alisema polepole. “Sogea.”

Laptop yangu hakuigusa. Alirudi chumbani, akaja na tofali lake, akalichomeka nyuma ya sofa, akaniambia nimtumie picha ya asili, ile ya gauni la kwaya. Nikamtumia. Akakaa sakafuni, tofali likiwa kwenye meza ya chai, akaanza.

Kina mama wakahamisha viti wakamzunguka. Laptop yangu ikabaki peke yake kwenye meza ya kulia chakula, karibu na mlango, inang'aa bila mtazamaji.

Sijui niwaelezeje alichokifanya, maana hakufanya mengi. Yule Mzungu hakumhitaji. Alimtoa Kirezi wa kwenye picha mbele ya ule ukuta wa matofali, unywele kwa unywele, akamsimamisha upande mmoja na kuacha nafasi kubwa mbele yake, kama mtu aliyefika mlangoni na mlango uko wazi. Rangi ya nyuma akaichukua kwenye kitenge alichovaa mama yake siku hiyo. Nilimwona akigeuka mara mbili kukiangalia. Kisha jina lake, kubwa, neno moja. Hakuna dhahabu. Hakuna moto. Robo saa, pengine pungufu.

“Eeh,” Mama Yves alisema. “Huyu ndiye mutoto wangu.” Akaliangalia tena. “Lakini umesahau kuandika infirmière. Hapa, chini ya jina.”

“Sijamaliza, Mama.”

“Kumbe hata hii wanawafundisha kwa unesi?”

“Ni kitu nilijifunza tu.”

Anti Kerubo alikuwa akiangalia tofali, kisha laptop yangu kule mezani, kisha tofali.

“Binti,” alisema, “hiyo yako ulinunua ngapi?”

“Arobaini na tano, Anti.”

“Dola arobaini na tano.”

“Ndiyo.”

Anti akanywa chai. Akaweka kikombe chini. Na hapo, kwa upendo wake wote, akaamua kunitetea.

“Hiyo ni ya kujifunzia,” alisema. “Kwa kazi za kulipwa lazima iwe kama hii ya Gilbert. Mwalimu wao aliwaambia, yule Lindqvist. Aliwaambia kabisa kwamba bila mashine ya nguvu mtu asahau wateja.”

“Hapana, Anti,” Kirezi alisema, macho yakiwa kwenye kioo, anasogeza herufi moja mahali pake. “Lindqvist alisema kompyuta yoyote inayowaka inatosha. Alirudia mara mbili, kwa sababu Gilbert alikuwa anaongea.”

Kidole chake kikasimama.

Anti Kerubo aliniangalia mimi. Mama Yves alimwangalia binti yake. Kila mmoja alikuwa amepata mwongo wake.

“Unamujua wapi mwalimu wa huyu?” Mama Yves aliuliza.

Kirezi hakugeuka. “Ni mwalimu wangu pia, Mama.”

“Anafundisha infirmières?”

“Anafundisha kuchora. Niliacha unesi. Mwaka na nusu.”

Mama Yves alikuwa ameketi tayari, lakini ni kama aliketi tena, chini zaidi. Kisha alisema maneno ambayo mpaka leo nikipita karibu na hospitali yoyote nayasikia.

“Mimi nimeambia manesi wote wa ghorofa yangu. Kila siku nikipiga deki ninawaambia, mutoto wangu anakuja, mutamuona. Kuna mumoja ameshakutafutia kabati ya kuweka nguo. Ameandika jina lako kwa mulango.”

Kirezi alikuwa analia bila sauti, mikono bado iko juu ya vitufe.

“Mama, nilitaka kukuambia.”

“Na ile bango ya kwaya?”

“Ni mimi.”

“Na programu ya mazishi ya marehemu Reine? Ile niliweka ndani ya Biblia?”

“Ni mimi, Mama.”

Mama Yves akanigeukia. Sikuwa na mahali pa kutazama isipokuwa kwenye mikate.

“Na wewe, ulifanya nini?”

“Mimi,” nilisema, “nilikuwa napeleka.”

“Ulikuwa unapeleka.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na malipo?”

Nikamwambia ukweli, sitini na arobaini, kwa sababu uwongo wote niliokuwa nao ulikuwa umeshatumika. Hakunitukana. Aliguna tu, mguno mfupi wa puani, kama mtu aliyekuta doa pale pale alipodhani litakuwepo.

Aliyesema ni Anti Kerubo.

“Pale kazini kuna mzee mmoja,” alisema. Hakuwa akiongea na mimi, alikuwa akimwambia Mama Yves. “Kilo mia moja na ishirini. Lazima ageuzwe kila saa mbili asipate vidonda. Wikendi kumi na moja nimemgeuza. Mgongo wangu mpaka leo unaniuma nikiinama kuvaa viatu. Kila nikimshika nilikuwa najiambia, moja, mbili, tatu, hii ni ya Gilbert.”

“Anti,” nikasema.

“Usiniite.”

Mama Yves akamwongezea chai. Anti akaipokea. Sijawahi kuona watu wawili wakiwa upande mmoja haraka namna ile, na mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili.

Mlango wa gereji ukaanza kupanda. Tuliusikia chini ya miguu yetu, unaguruma.

“Papa,” Kirezi alisema.

Mama Yves akajifuta uso kwa pindo la kitenge. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imenyooka.

“Andika kitu hapo chini ya jina,” alimwambia binti yake. “Haraka. Kitu ambacho baba yako ataweza kusoma akiwa amesimama.”

“Niandike nini, Mama?”

“Wewe ndiye umesomea.”

Kirezi alipeleka vidole kwenye vitufe. Nikaona kile kimstari kidogo chini ya jina lake kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika. Hakuna neno lililokuja. Nilikuwa namwangalia na nikatamani, kwa mara ya kwanza tangu niingie chuo, kuwa na ujuzi wa kitu chochote.

Mzee Thaddée aliingia na harufu ya baridi. Mtu mrefu, suti ya Jumapili, kofia mkononi, risiti ya ukumbi imechungulia mfukoni. Alikuwa na furaha ambayo ilikuwa haijaingia nyumbani mle bado. Akatusalimia kwa mkono, Anti kwanza, kisha mimi.

“Wewe ndiye kijana wa mashine,” alisema. “Nimesikia. Nionyeshe mutoto wangu.”

Hakungoja nimwonyeshe. Laptop yangu ilikuwa pale pale karibu na mlango, wazi, kioo kinang'aa kama dirisha. Nilikuwa nimesahau kuifunga. Katika mwaka mzima wa kufungua kifuniko, sikuwahi kujizoeza kukifunga.

Mzee akainama. Akamwona mwanamke asiye na shingo, amevaa glavu za bustani, na maneno ya dhahabu yanawaka moto: KIREZI, INFIRMIÈRE.

Nikangoja aulize ni nani huyu.

Hakuuliza. Alisoma, midomo ikitembea, kisha akasoma tena. Akaweka kofia juu ya kiti, taratibu, kama kanisani.

“Hii,” alisema. “Ndiyo hii. Musiguse kitu.”

“Papa,” Kirezi alisema kutoka sakafuni. “Papa, subiri.”

Aliinua kiganja bila kugeuka, kumwomba anyamaze kidogo, mzee anafurahi. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshatoa simu. Akaielekeza kwenye kioo, akarudi hatua moja nyuma ili bango lote liingie, akabonyeza kwa kidole gumba.

“Ninatuma kwa kikundi cha famille,” alisema. “Iowa, Texas, Uvira, Bujumbura, wote waone leo.”

Mama Yves akasimama. “Thaddée, ngoja.”

Simu ya Mama Yves ikalia mezani kabla hajamaliza kusema. Kisha ikalia ya Kirezi, ndani ya mfuko wa suruali yake. Kisha ya Mama Yves tena, na tena, na tena.